Wanyama katika utafiti wa shinikizo ndani ya fuvu

Fuvu la mtu mzima halitanuki. Ndani yake mna ubongo, damu na maji yanayouzunguka ubongo. Kimoja kikiongezeka, sharti vingine vipungue, la sivyo shinikizo hupanda. Kwa mtu mzima aliyelala, shinikizo la kawaida ni milimita 7 hadi 15 za zebaki. Kwa aliyeumia vibaya kichwani, likizidi 22 huhitaji kushushwa.

Kwa kuwa binadamu hawezi kupandishiwa shinikizo hilo makusudi, watafiti hutumia wanyama. Mwaka 1901, huko Bern, Uswisi, daktari Mmarekani Harvey Cushing aliweka kidirisha cha kioo kwenye fuvu la mbwa aliyelazwa kwa dawa, akaingiza maji ya chumvi huku akitazama mishipa ya damu. Kila shinikizo la fuvu lilipokaribia lile la damu, la damu lilipanda likalipita, hivyo ubongo ukaendelea kupata damu. Leo shinikizo la damu likipanda, mapigo ya moyo yakapungua na pumzi ikavurugika, madaktari hutambua kuwa ubongo umebanwa.

Njia huchaguliwa kulingana na ugonjwa. Puto linalojazwa maji chini ya fuvu huiga damu iliyovilia baada ya ajali. Udongo mweupe wa kaolini, uliotumika tangu 1932, hudungwa penye maji ya ubongo. Huziba njia zake na kuleta kichwa maji. Kimeng'enya cha kolajenasi hudhoofisha mishipa ya ubongo wa panya hadi ivuje, kama katika kiharusi cha kuvuja damu.

Panya ni rahisi kufuga, lakini ubongo wake una gramu 2 hivi na hauna mikunjo. Wa binadamu hukaribia gramu 1,400 na umejaa mikunjo. Nguruwe na kondoo wana mikunjo, na ukubwa wao huruhusu vipimo vya hospitalini, ila gharama yao ni kubwa.

Matokeo yanahitaji tahadhari. Dawa za usingizi zenyewe hubadili shinikizo, na kabonidioksidi ikizidi mwilini hutanua mishipa ya ubongo, hivyo pumzi ya mnyama hudhibitiwa. Aghalabu wanyama hao wana umri mdogo na afya njema, tofauti na wagonjwa wengi. Tangu 1959, mwongozo wa William Russell na Rex Burch huwataka watafiti watafute mbadala wa wanyama, wapunguze idadi yao na kuwapunguzia maumivu.