Ahadi ya reli nayo ni deni

Ndugu msomaji, je, Mkristo anayelalamikia mradi wa umma uliochelewa amekosa uvumilivu? Wapo wanaodhani hivyo. Leo tulitafakari jambo hilo kwa kulitazama jiji la Lagos, nchini Nigeria, linalosifika kwa foleni zake.

Mwaka 1983, chini ya Gavana Lateef Jakande, Lagos ilianza mradi wa reli ya mjini. Mwaka 1985 serikali ya kijeshi ya Muhammadu Buhari iliufuta. Fedha nyingi za umma zilikwisha kutumika, na hakuna abiria hata mmoja aliyepanda treni. Mwaka 2010 ulianza ujenzi wa njia mpya, Blue Line, iliyotarajiwa kukamilika mwaka uliofuata. Abiria walianza kuipanda Septemba 2023, kwa kilomita 13 tu, kati ya Marina na Mile 2. Aliyeizindua Januari mwaka huo ni Buhari yuleyule, safari hii akiwa rais aliyechaguliwa na wananchi. Jakande alikwisha kufariki mwaka 2021.

Hiyo ni miaka 40, sawa na ile ya Waisraeli jangwani. Nani aliilipia? Ni mama anayeamka saa kumi alfajiri ili awahi kazini, na baba anayefika nyumbani watoto wamelala. Mtume Yakobo anatufundisha kwamba ujira wa kibarua uliozuiliwa hulia, na kilio hicho humfikia Mungu (Yak 5:4). Saa za maskini zilizopotea barabarani nazo zina kilio chao.

Wayahudi waliorudi kutoka uhamishoni walianza kulijenga upya Hekalu, kisha kazi ikasimama hadi mwaka wa pili wa mfalme Dario. Nabii Hagai hakuwaambia wavumilie. Aliwauliza inakuwaje wao wakae katika nyumba nzuri huku nyumba ya Mungu ikiwa magofu. Viongozi na watu wakaamka, na katika mwaka wa sita wa Dario Hekalu likakamilika (Ezra 6:15).

Kwa hiyo, ndugu yangu, uvumilivu wa Kikristo ni kubeba taabu bila chuki. Kunyamazia uzembe ni jambo jingine kabisa. Usitukane, usirushe mawe, wala usiharibu mali ya umma, maana utakayeiharibia ni jirani yako. Lakini uliza: fedha zimefika wapi? Kazi imesimama kwa nini? Nani anawajibika? Kuuliza hivyo ni kuyatetea manufaa ya wote.

Tuulize hivyo hata nyumbani kwetu. Ni vigango vingapi vina kuta zilizoota majani, huku bibi aliyeuza kuku wake ili achangie mabati akiendelea kusali juani? Yesu alitutahadharisha juu ya mtu anayeanza kujenga mnara kabla ya kupiga hesabu, akaishia kuchekwa (Lk 14:28-30). Kamati ya ujenzi isiyosoma mapato na matumizi mbele ya waamini itapata wapi ujasiri wa kuidai serikali hesabu?

Basi leo, baada ya Misa, ulizeni kwa upole hesabu za jengo lenu zimefikia wapi. Na wewe uliyekabidhiwa kazi ya watu, kumbuka kwamba kuna mtu anakusubiri kituoni.

Nawatakia Dominika njema.