Fahamu: Nani anamlipia paa nunga?

Muulize mtoto wa Kikwajuni, mjini Zanzibar, akutajie mnyama wa porini wa Unguja, atakwambia kima punju. Paa nunga, anayeishi kwenye vichaka vya msitu wa Jozani kama kima huyo, huenda hajawahi kumsikia. Hapo ndipo tatizo la fedha linapoanza.

Mtalii hulipa kiingilio Jozani ili amwone kima, na sehemu ya fedha hizo huvifikia vijiji vinavyouzunguka msitu. Paa nunga haonekani kirahisi. Ni mdogo, hafiki kilo 15, rangi yake nyekundu ya kahawia, na ana mkanda mweupe mapajani. Hupita chini ya miti akiokota majani na matunda yanayodondoshwa na kima. Duniani kote yupo Zanzibar na misitu michache ya pwani ya Kenya tu. Uwindaji na ukataji wa kuni vimempunguza sana.

Wanyama kama yeye hutegemea ruzuku ndogo. Mfuko wa Mohamed bin Zayed wa Abu Dhabi, ulioanza 2009, hutoa hadi dola 25,000 kwa mradi wa spishi moja, hata isiyo na jina kubwa. Fedha hizo zinanunua kamera za kutega msituni. Doria ya miaka mingi hazilipi.

Njia nyingine ni utalii. Kisiwa cha Chumbe, hifadhi tangu 1994, hulipia walinzi wake kwa mapato ya wageni. Korona ilipofunga safari mwaka 2020, utalii ulisimama, lakini walinzi bado walihitajika.

Ili doria isikatike utalii unaposimama, hoteli za Unguja zinaweza kumtengea paa nunga fungu la kudumu. Zianze sasa.