Kodiani Uwanjani: Muziki wa Bure Unaohitaji Warithi

Kila tarehe 20 Oktoba, wakazi wa kaunti mbalimbali hukusanyika viwanjani kuadhimisha Siku ya Mashujaa. Hakuna tikiti wala kiingilio. Katika kaunti za Murang'a, Nyeri na Kiambu, miongoni mwa vikundi vinavyotumbuiza kabla ya hotuba mara nyingi huwapo wazee wa mwomboko. Mmoja hubeba kodiani kifuani, mwingine hushika mkononi pete ya chuma iitwayo karing'aring'a na kuigonga kwa kipande cha chuma. Wachezaji hujipanga wawili wawili, mwanamume na mwanamke, wakapiga hatua na kuinama kidogo, kisha wakazunguka.

Wengi hufurahia ngoma hiyo bila kujua ilikotoka, na wachache zaidi hujiuliza nani ataicheza wazee hao watakapoondoka. Makala haya yanaeleza asili ya chombo hicho, jinsi kinavyofanya kazi, na nafasi ya mkazi katika kukihifadhi.

Chombo kilikotoka

Kodiani haikuzaliwa Afrika. Mwaka wa 1829, fundi wa vinanda aitwaye Cyrill Demian alisajili chombo cha aina hiyo mjini Vienna, Austria. Baadaye viwanda vilifunguliwa katika nchi kadhaa za Ulaya, kikiwamo kituo mashuhuri cha Castelfidardo nchini Italia. Mabaharia, wafanyabiashara na wanajeshi wakaisambaza duniani.

Kilichoifanya ipendwe ni urahisi wake. Mtu mmoja anaweza kupiga sauti ya juu kwa mkono wa kulia na besi kwa mkono wa kushoto. Haihitaji umeme, na sauti yake husikika mbali hata mahali pa wazi. Kwa ngoma ya kijijini, hiyo ilikuwa bendi nzima ndani ya sanduku moja.

Ndani ya kodiani kuna vilimi vyembamba vya chuma. Mpigaji anapovuta na kusukuma mivukuto, hewa hupita kwenye vilimi hivyo na kuvitetemesha. Katika kodiani nyingi za vifungo, kifungo kimoja hutoa sauti moja mivukuto ikisukumwa na sauti nyingine ikivutwa. Ndiyo maana mkono wa mpigaji hauna budi kujua wimbo na pumzi ya chombo kwa pamoja.

Wenyeji wakaifanya yao

Nchini Kenya, kodiani ilienea katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Waluo waliiita onanda, jina lililotokana na neno kinanda. Kwa Wakikuyu, ndiyo iliyozaa mwomboko, ngoma iliyovuma miaka ya 1940. Hatua zake zina alama za dansi za Wazungu za wawili wawili, lakini nyimbo zilikuwa za Kikuyu, zikisimulia vita, njaa, mapenzi na vituko vya wakati huo.

Hazikuwa burudani tupu. Serikali ya kikoloni iliogopa nyimbo: mwaka wa 1930 ilipiga marufuku muthirigu, ngoma iliyowakejeli wamishenari na machifu. Kisha tarehe 20 Oktoba 1952 ikatangaza hali ya hatari, na mikusanyiko ya watu ikadhibitiwa vikali. Leo tarehe hiyo hiyo ndiyo Siku ya Mashujaa. Mzee anapopiga kodiani uwanjani bila kuomba ruhusa ya mkoloni, anatumia haki ambayo kizazi chake au cha wazazi wake kilinyimwa.

Kwingineko mambo yalikwenda vivyo hivyo. Zanzibar, kodiani iliingia katika okestra za taarab pamoja na udi, fidla na kanuni. Lesotho, ndiyo moyo wa muziki wa famo, ulioenezwa na wachimba migodi waliofanya kazi Afrika Kusini. Brazili, muziki wa forró huichanganya na ngoma na chuma cha pembetatu kinachogongwa. Atakayelinganisha chuma hicho na karing'aring'a ataona kwamba watu wasiojuana, walio mbali, walipata wazo moja: kodiani iimbe, chuma kishike mapigo.

Funzo kutoka Valledupar

Mji wa Valledupar, kaskazini mwa Colombia, unaonyesha kinachowezekana. Huko kodiani hupigwa pamoja na ngoma ndogo na chombo cha kukwaruza kiitwacho guacharaca, na muziki wake huitwa vallenato. Tangu 1968 mji huo umekuwa na tamasha ambapo wapiga kodiani hushindana mbele ya umma. Kila mshindani lazima apige mitindo minne ya asili, si ule anaoupenda tu. Zaidi ya hapo, kuna mashindano ya watoto na ya vijana, hivyo anayeanza ana jukwaa lake.

Hata hivyo, mwaka wa 2015 shirika la UNESCO liliuweka vallenato wa asili katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Miongoni mwa sababu ni mitindo mipya kuufunika ule wa zamani, na watu kuzidi kukosa nafasi za kukutana mitaani na kupiga muziki. Yaani hata tamasha kubwa halitoshi, watu wasipopata mahali pa wazi pa kukutana na mwalimu wa kuwafundisha.

Sheria inasema nini

Ibara ya 11 ya Katiba ya Kenya inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Jedwali la Nne linazipa kaunti jukumu la shughuli za kitamaduni na burudani ya umma. Nayo sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na kazi za kitamaduni inazitaka serikali za kaunti kuweka rejista ya maarifa na kazi hizo. Sheria hiyo pia inamtaka mtu wa nje anayetaka kutumia kazi ya jamii apate kwanza idhini ya jamii yenyewe, baada ya kuieleza anachokusudia.

Lakini rejista haiwezi kuandika wimbo ambao hakuna aliyeuleta. Hapo ndipo mkazi anapohitajika:

• Mrekodi mzee anayepiga kodiani au karing'aring'a, kwa simu, baada ya kupata ridhaa yake. Andika jina lake, kijiji, jina la wimbo, na tukio linalosimuliwa.
• Muulize pia maana ya maneno ya zamani. Sauti bila maelezo hupoteza nusu ya thamani.
• Vikundi vya mwomboko viulize katika ofisi ya msimamizi wa wadi au idara ya utamaduni jinsi ya kusajiliwa.
• Mzazi, mpeleke mtoto karibu na wapigaji baada ya onyesho, aone vifungo na kuuliza. Wengi huanzia hapo.
• Mwenye kodiani ya zamani asiiache juani wala ndani ya gari lililofungwa. Katika kodiani nyingi vilimi hushikizwa kwa nta, nayo huyeyuka kwa joto. Unyevu nao huleta kutu.

Kodiani nyingine inaweza kununuliwa. Wimbo ambao mzee mmoja tu anaujua hauuzwi dukani. Safari ijayo kikundi cha mwomboko kitakapoingia uwanjani, mkazi asipige makofi tu. Asogee, aulize jina la wimbo, na aende nalo nyumbani.