Lori la zamani liligoma kusimama: viatu vya breki vilifungwa kinyume

MENGO, Kampala. Magunia ya unga na katoni za sabuni zilikuwa zimekwisha kupangwa barazani, wapagazi wanasubiri, na mama mwenye mali ameahidi kuwa Katuna kesho yake asubuhi. Lakini lori lenyewe, Bedford TJ lenye umri mkubwa kuliko dereva wake, lilikuwa limeinuliwa kwa jeki na kukalishwa juu ya magogo katika gereji moja ya Mengo, chini kidogo ya ukuta wa kasri la Kabaka. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa limevuliwa.

Wiki moja nyuma gereji nyingine ilikuwa imelifunga viatu vipya vya breki. Mama alilipa, dereva akazunguka mtaa mara mbili bila mzigo, breki zikashika, wakaridhika. Mambo yaliharibika kwenye mteremko wa kwanza lilipopakiwa. Dereva akikanyaga, lori linavuta upande na kuendelea kwenda. Siku hiyo aliokolewa na gia ndogo.

Fundi wa Mengo alipovua dramu, hakuchukua hata dakika tano. Viatu vyote viwili vilikuwa vipya na vya saizi yake. Kilichokosewa ni nafasi tu: cha mbele kimefungwa nyuma, na cha nyuma kimefungwa mbele.

Mtu asiye fundi atauliza tofauti iko wapi, maana ukivilaza sakafuni vinafanana. Tofauti iko kwenye kazi. Katika breki za mafuta za lori kama hili, ncha za chini za viatu zimekaa kwenye pini isiyosogea, na silinda ndogo iliyo juu inavisukuma vitanuke. Lori likienda mbele, dramu inazunguka ikishuka upande wa mbele. Inakikamata kiatu cha mbele na kukivutia kwake, hivyo kinabana kuliko nguvu ya mguu wa dereva. Cha nyuma kinapata kinyume chake, kinasukumwa kirudi. Ndiyo sababu watengenezaji wengi humpa huyu wa mbele lainingi ndefu zaidi au nene zaidi. Ukivibadilisha, mwenye kazi kubwa anabaki na lainingi ndogo. Inapata moto haraka, na lainingi ikipata moto kupita kiasi inateleza.

Kuna mtego hapa ambao hata mafundi wazoefu huingia. Kwenye pikapu na malori madogo mengi ya Kimarekani, ncha za chini hazikukaa kwenye pini. Zimeunganishwa na kirekebishaji kinachoelea, na kiatu cha mbele kinamsukuma mwenzake wa nyuma. Huko lainingi ndefu hukaa nyuma. Fundi aliyejifunza kwenye gari la aina moja akihamishia mazoea yake kwenye aina nyingine, anakosea huku ana uhakika kabisa. Kwa hiyo kinachotazamwa kwanza ni ncha za chini, kisha ndipo urefu wa lainingi.

Dawa aliyoitumia fundi huyu haina gharama: anafungua upande mmoja tu kwa wakati. Upande wa pili unabaki umefungwa kama kielelezo, na kabla ya kugusa springi anapiga picha kwa simu. Hapa picha hiyo haikutosha, kwa sababu aliyetangulia alikwisha kukosea. Ilibidi afungue kulia ndipo alinganishe.

Na kulia ni wapi? Swali linaonekana la kitoto, lakini kwa magari ya kuvuka mpaka lina uzito. Virekebishaji vya nyota vya kulia na kushoto mara nyingi vina nyuzi zinazozunguka kinyume, na mafundi wengi wa Kampala husema “upande wa dereva”. Gari lililotoka Kongo au Rwanda lina usukani kushoto. Agiza spea kwa lugha hiyo na utaletewa ya upande usio wako. Kulia ni kulia kwa aliyekaa ndani akitazama mbele, basi.

Lainingi zenyewe zilipelekwa Katwe kukaguliwa ribiti, mwendo mfupi kutoka hapo. Ribiti hupigwa kuanzia katikati kwenda pembeni ili lainingi ilale bila kuacha uwazi, na vichwa vyake vizame chini ya uso wa lainingi, la sivyo vitachimba dramu. Sili ya mafuta ya ekseli nayo ilibadilishwa. Ikivuja, inalowanisha lainingi mpya ikaharibika. Vumbi la ndani ya dramu fundi alilifuta kwa kitambaa chenye maji, hakulipuliza kwa upepo. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huua mapafu polepole.

Mama alitaka kupakia jioni ile ile. Fundi alikataa, nami nadhani alikuwa sahihi ingawa hasara ya siku moja haikuwa yake. Lainingi mpya haijakaa sawa na dramu. Inahitaji kusimamishwa taratibu mara nyingi bila mzigo kwanza. Milima ya Kabale si mahali pa kuizoesha. Zaidi ya hapo, kadi ya njano ya COMESA inashughulikia madai ya watu wengine mtakaowagonga. Unga na sabuni zako haiziangalii. Kwa ekseli moja yenye tairi nne, sheria ya uzito ya Jumuiya inaruhusu tani 10, lakini breki mpya haijui sheria hiyo.

Waliondoka siku ya pili saa kumi na mbili asubuhi. Fundi alimwagiza dereva asimame Mpigi, asogeze kiganja karibu na kila dramu ya nyuma bila kuigusa. Ikiwa moja ina moto sana kuliko mwenzake, inabana. Ikiwa moja ni baridi, haifanyi kazi. Saa moja na nusu baadaye simu ya mama iliita: zote mbili zina vuguvugu sawasawa.