Sauti Nyingi za Kuamsha

Somo: Matendo ya Mitume 14:8–18

Leo tutafakari swali linaloulizwa mara nyingi Lodwar na Kakuma, mahali ambapo watu wa dini nyingi wanaishi mlango kwa mlango. Swali ni hili: Kama kila kabila na kila dini ina njia yake ya kumtafuta Mungu, je, njia hizo zaweza kumwamsha mtu rohoni? Na kama zaweza, sisi Wakristo tuna neno gani la kusema?

Tuanze na wenyeji. Waturkana walimjua Mungu kabla mmisheni yeyote hajafika. Walimwita Akuj, jina lililo karibu na neno lao la “juu”, naye ndiye mwenye kuleta mvua. Yuko pia emuron, mwaguzi, ambaye huota ndoto na kuwaambia watu wachinje mnyama wa rangi fulani ili mvua inyeshe au ugonjwa uondoke. Wazee wenyewe hawawaweki waaguzi wote katika kundi moja. Yule anayeota ndoto kutoka kwa Akuj wanamtofautisha na yule anayesoma matumbo ya mbuzi au kurusha viatu. Maana yake, hata kabla ya kuhubiriwa, walijua kwamba si kila sauti yatoka kwa Mungu.

Sasa twende Kakuma. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992, wakati vijana wengi kutoka Sudan walipofika kwa miguu wakiikimbia vita. Wengi wao walikuwa Wadinka. Nao humwita Mungu Nhialic, jina linalotokana pia na neno lao la “juu”. Katika miaka ile ya vita maelfu ya Wadinka walimgeukia Kristo, wakatunga nyimbo kwa lugha yao, wakashika misalaba mikononi. Walipoisoma Biblia kwa Kidinka walilikuta jina lile lile la Nhialic, kama vile Mturkana anavyolikuta jina la Akuj katika Biblia yake.

Kambini humo kuna Waorthodoksi wa Ethiopia wanaofunga siku nyingi katika mwaka. Kuna Waislamu kutoka Somalia, na kabla ya mapambazuko mwadhini wao hukumbusha kwamba sala ni bora kuliko usingizi. Naam, ndugu zangu, hilo ni neno ambalo hata Mkristo aliyelala Jumapili asubuhi angefaa kulifikiri!

Basi tuseme njia zote ni moja? Hapana. Mwislamu hasemi hivyo, wala Mworthodoksi, wala sisi. Kusema njia zote ni moja ni kukataa kumsikiliza jirani yako. Sisi twaamini kwamba Kristo ndiye nuru ya ulimwengu. Lakini tazameni alivyofanya Mtume Paulo kule Listra. Watu walitaka kuwatolea Paulo na Barnaba dhabihu ya ng’ombe. Paulo aliwakataza kabisa. Lakini hakuwaambia kwamba Mungu alikuwa mgeni kwao. Aliwaambia kwamba Mungu hakukosa shahidi katikati yao, na shahidi huyo alikuwa mvua. Mturkana atashindwaje kuelewa mahubiri hayo?

Sasa sikilizeni jambo kubwa la leo. Kuamshwa si kufungua macho tu. Mchungaji wa mbuzi anayesikia fisi usiku, akafumbua macho na kubaki amelala, amepoteza mbuzi sawa na yule asiyesikia. Ameamka, lakini hakuinuka.

Kanisa letu la Afrika Mashariki linajua jambo hili. Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulienea Uganda, Kenya na Tanganyika. Watu walilia, waliimba, waliungama. Lakini majirani waliamini pale walipoona watu wakirudisha vitu walivyoiba, na maadui wakiombana msamaha. Hapo ndipo walipojua kwamba mtu ameamka kweli.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kama baba yako bado anamwendea emuron, usimdharau wala usikatae kula naye. Keti naye, umwulize Akuj amemtendea nini. Kisha umweleze, kwa heshima ya mtoto kwa mzazi, Kristo amekutendea nini wewe.

Na kila mmoja wetu ajipime. Mwaka 2025 mgao wa chakula wa wakimbizi ulipunguzwa sana, na njaa ilijulikana katika kila nyumba. Wenyeji nao wana kiu na ukame. Ukiwa umeamka, unamfanyia nini mwanamke wa kabila lingine anayesimama nyuma yako kwenye foleni ya maji? Kama ng’ombe wa wizi wamo katika zizi lako, sala ya alfajiri itakusaidia nini? Jirani hataona ndoto yako wala machozi yako ya ibadani. Ataona mkono wako.

Tuombe. Ee Mungu uliye juu, uletaye mvua kwa wote, utuamshe na kutuinua. Utupe kumshuhudia Mwanao bila woga na bila kiburi. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.