Ndege Kuukuu na Chumvi ya Manda

Mtu wa Lamu anunuapo jahazi lililokwisha kutumika hatoi fedha upesi. Hungoja maji yapwe, akamwita fundi wa Matondoni agonge mbao moja moja na kuchungulia kalafati, ndipo bei isemwe. Desturi hiyo ingewafaa matajiri wetu wanaotamani jeti ndogo za mkono wa pili (mitumba ya angani, niruhusiwe kuziita hivyo) ili watue Manda kwa chombo chao wenyewe.

Tutazame Eclipse 500. Ilipopata kibali Marekani mwaka 2006 ilisifiwa mno kwa urahisi wa bei. Novemba 2008 kampuni iliyoiunda ikaomba kinga ya kufilisika, baada ya kutoa ndege zipatazo 260. Wenye ndege wakabaki wakijiuliza: vipuri vitoke wapi? Ahadi za kukamilisha vyombo vya urubani atazitimiza nani? Mwenye Cessna Mustang ana nafuu, kwani mwundaji wake yungali hai, ijapokuwa aliacha kuiunda mwaka 2017.

Mnunuzi, basi, asihadaiwe na rangi mpya. Adai madaftari ya matengenezo tangu siku ya kwanza. Yakipotea, thamani ya ndege huanguka. Injini zikaguliwe ndani na fundi asiyelipwa na muuzaji. Aulize pia ndege ililazwa wapi, maana hewa ya chumvi hula mwili wa ndege kama ilavyo misumari ya jahazi, na Manda imezungukwa na bahari. Fundi wa jahazi yuko Matondoni. Wa jeti itambidi amtoe Nairobi, na nauli ni juu yake.