Kushona Vishikio vya Sufuria kwa Mabaki ya Vitenge

Ukipita kwa fundi wa nguo jioni anapofunga kazi, tazama chini ya cherehani yake. Utaona rundo la vipande vya kitenge, vingine havizidi kiganja cha mkono. Havitoshi kola wala mfuko wa shati, kwa hivyo hufagiliwa na kwenda kuwashia jiko. Vikundi kadhaa vya akina mama vimeniuliza kama vipande hivyo vinaweza kuleta chochote. Ndiyo, vinaweza, lakini kuna mambo ya kujua kwanza, na moja tulilijua baada ya mtu kuumia.

Kazi yenyewe ni kushona vitu vidogo vya jikoni vyenye sura ya chakula: kishikio kama tikiti maji, kama nanasi, kama gunzi la hindi. Huko Marekani watu wanaoshona mifarishi, yaani yale mablanketi ya viraka, wana vitambaa maalum vya pamba vilivyochapwa nyanya, ndimu, mayai na vikombe vya chai. Duka humkatia mteja kipande cha inchi 18 kwa 22, na kutoka hapo hushona vitu vidogo vya kupeana zawadi. Vitambaa hivyo hatuna haja navyo. Huku kwetu chakula kiko kwenye nguo tangu zamani. Chukua leso yoyote: lile umbo lenye ncha iliyojikunja, Waswahili wa pwani huliita korosho. Mananasi nayo utayakuta. Na kitenge cha kijani chenye mistari mistari, ukikitazama vizuri, ni ganda la tikiti maji lililokuwa likikungoja.

Sasa niseme habari ya kuumia. Miaka michache iliyopita kikundi kimoja ninachokitembelea kilishona jozi 30 za vishikio kwa ajili ya hoteli ndogo ya sokoni. Vilipendeza sana. Ujazo wa ndani tuliutoa kwenye mito mikuukuu, ule mweupe mwepesi kama wingu, na ni mimi niliyetoa wazo hilo kwa sababu ulikuwa wa bure. Siku ya tatu mpishi aliepua sufuria ya githeri kwenye jiko la makaa, ukingo ukiwa umepigwa na moto. Mama mmoja wa kikundi alikuwepo akinywa chai, naye alinipigia simu: “Mwalimu, hii kitu imeyeyuka mkononi mwa mtu!” Ujazo ule ulikuwa poliesta. Uliyeyuka na kunata kwenye kiganja. Mpishi alikaa majuma mawili bila kazi, hoteli ikarudisha mzigo wote, na akina mama wakalazimika kurudisha pesa ambazo wengine walikuwa wamekwisha kulipa karo. Wawili waliacha kikundi. Siwalaumu.

Kwa hivyo jambo la kwanza kabisa ni kujua kitambaa chako. Siku hizi vitenge vingi vinavyouzwa sokoni kwa bei nafuu ni poliesta, hata kama muuzaji anaapa ni pamba tupu. Usibishane naye. Chomoa nyuzi chache pembeni, zishike kwa kijiti au koleo ya nyusi, uziwashe juu ya sahani ya bati. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi iliyoungua, na huacha jivu laini la kijivu linalosagika kwa kidole. Poliesta hunywea ikikimbia moto, huyeyuka, hutoa moshi mweusi na harufu ya plastiki, kisha huacha kishanga kigumu ambacho hakivunjiki. Ukikuta mchanganyiko, yaani jivu kidogo na kishanga kidogo, hesabu hiyo ni poliesta na uiweke kando kwa kazi nyingine. Jaribu uzi wa nyuzi zilizosimama na za zile zilizolala, maana wakati mwingine upande mmoja ni pamba na mwingine sivyo. Uzi wa kushonea nao uwe wa pamba. Mshono ukiyeyuka, kitambaa kizuri hakikusaidii.

Ujazo mzuri ni taulo kuukuu la pamba au shuka nzito ya pamba iliyochakaa. Blanketi la sufi tupu ni zuri pia, kwani sufi haiyeyuki, lakini blanketi nyingi za siku hizi si sufi. Zipime kwa moto vilevile. Sponji usiiguse.

Kisha fua kila kipande kabla ya kukikata, hata kama ni kipya. Pamba hurudi ikifuliwa mara ya kwanza, yaani hupungua urefu, na taulo hurudi tofauti na kitenge; ukishona kwanza ukafua baadaye, kishikio kitajikunja kama sikio la mbuzi. Kufua pia kunakuonyesha kama rangi inachuja. Loweka kipande chekundu pamoja na kitambaa cheupe usiku mmoja. Cheupe kikigeuka waridi, loweka na kusuuza tena mpaka maji yatoke safi, au kiache.

Swali lingine: kwa nini jozi, na kwa nini umbo lenye mifuko? Nimeona vikundi vikinakili vishikio vya mraba kutoka kwenye vitabu vya wageni. Vile vilifanywa kwa ajili ya vyombo vyenye mikono. Sufuria yetu haina mikono, ina ukingo tu, nawe unaubana kati ya dole gumba na vidole vinne, kushoto na kulia. Kwa hivyo kinachofaa ni vitu viwili vidogo vinavyokunjika kama mdomo. Na visiwe vinene mno. Tulijaribu tabaka tatu za taulo, mkono haukusikia joto kabisa, lakini sufuria ikateleza kwa sababu vidole havikuweza kubana. Tabaka mbili za taulo la kawaida ndizo tulizozikubali.

Hebu tuchukue tikiti maji, kwa kuwa ndilo rahisi na ndilo linalouzika haraka. Chora duara la inchi 8 kwenye kadibodi, kwa sahani au kifuniko, na ulikate. Hiyo ndiyo karatasi ya mfano. Kwa kila kishikio kimoja kata maduara manne: moja jekundu, lenye nukta nyeusi kama utakuwa na bahati ya kulipata, na matatu ya kijani. Kata na maduara mawili ya taulo. Ukiwa na mita moja ya kitenge cha upana wa inchi 45 utapata maduara 20, lakini kumbuka tunatumia mabaki, kwa hivyo kijani cha nyuma si lazima kifanane na kijani cha mifuko.

Laza duara jekundu mezani, uso ukitazama chini. Juu yake weka taulo mbili, halafu duara moja la kijani, uso ukitazama juu. Piga bandi kwa mkono, nyuzi ndefu ndefu kutoka katikati kwenda nje, ili tabaka zisihame. Sasa shona kwa cherehani mistari inayopita tabaka zote, ikianzia katikati kwenda ukingoni kama tairi ya baiskeli yenye spoki. Mistari minane inatosha. Wengine huona mistari hii ni pambo tu. Sivyo, ndiyo inayozuia taulo kukusanyika upande mmoja baada ya kufuliwa mara tatu. Ongeza urefu wa mshono wa cherehani kidogo na uende polepole. Tumia sindano nene, namba 16, maana nyembamba itavunjika.

Yale maduara mawili ya kijani yaliyobaki yakunje katikati, kila moja liwe nusu duara lenye tabaka mbili, ulipige pasi. Hiyo ndiyo mifuko. Yaweke juu ya upande wa kijani, moja kila upande, ile mikunjo iliyonyooka ikikutana katikati. Piga bandi kuzunguka. Mwisho ni utepe wa kufunga ukingo: kata ukanda wa upana wa inchi 2 na urefu wa inchi 28, na uukate mshazari, si kwa kunyoosha. Kitambaa kilichokatwa mshazari hunyumbulika na kuzunguka duara bila kukunjamana, kilichonyooka kitakutesa. Ukiwa na vipande vifupi viunge. Shona utepe kuzunguka, ugeuze, umalizie upande wa pili, na ile ncha iliyozidi uikunje iwe kitanzi cha kutundika. Vidole vinne vinaingia mfuko mmoja, dole gumba mwingine. Ukifunga mkono unaona ganda la kijani, ukifungua unaona tikiti lililopasuliwa. Watoto hupenda sana kulifungua na kulifunga, kwa hivyo ukiuza sokoni wape walichezee, mama zao watasimama.

Nanasi ni zuri zaidi ya yote kwa maoni yangu, kwa sababu mshono wenyewe ndio unaolifanya nanasi. Tumia kitambaa cha manjano au rangi ya udongo, shona mistari ya mshazari kila baada ya inchi moja, kisha mingine ikiikata, na zile almasi zinazotokea zitakuwa macho ya nanasi. Majani ni vipande vitatu vya kijani juu, penye kitanzi. Hindi nalo ni hivyo hivyo, ila mistari ni ya kusimama na iliyolala na umbo ni refu.

Kama una leso iliyochanika na unataka ile korosho itokee katikati, kata dirisha kwenye kadibodi lenye ukubwa wa kipande chako, ulitembeze juu ya kitambaa mpaka picha ikae unapotaka, ndipo upige chaki. Utapoteza kitambaa kidogo, lakini kipande chenye picha iliyokaa vizuri hununuliwa kabla ya kile kilichokatwa ovyo. Pindo la leso linafanya ukingo mzuri wa mfuko wa mkate. Lile jina, yaani maneno yaliyoandikwa chini, wengi hawapendi kuliona limekatwa nusu. Litumie zima au uliache.

Nimetaja mfuko wa mkate. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini, watu wengi wamezoea kubeba mfuko wa kitambaa, na mfuko mdogo wa mkate au chapati unaofungwa kwa kamba hushonwa kwa nusu saa. Hapa poliesta haina hatari ya moto, ila chakula kinagusa kitambaa. Weka bitana ya pamba nyeupe isiyo na rangi, ile ambayo wazee waliita amerikani kwa sababu katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Marekani waliileta Unguja kwa wingi.

Unapomuuzia mtu kishikio, mwambie mambo mawili. Kwanza, asikitumie kikiwa kimelowa. Maji hupitisha joto haraka kuliko kitambaa kikavu, na mvuke utamchoma kabla hajafika mezani. Pili, asikiache karibu na jiko. Pamba haiyeyuki lakini inawaka. Na mtu akiungua, ni maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, si dawa ya meno wala unga wala mafuta.

Bei ndiyo inayoua vikundi vingi. Akina mama husema kitambaa ni cha bure, basi wanauza kwa shilingi 80. Kazi je? Tuseme jozi moja inakuchukua saa mbili ukiwa umezoea, na saa yako umeithamini kwa shilingi 80. Hiyo ni 160. Uzi, sindano zinazovunjika na nauli ya kwenda kuomba mabaki, tuseme 40. Tayari umefika 200 kabla ya kupata faida hata ya shilingi moja. Ukiuza kwa 80 unamlipa mnunuzi 120 ili achukue mali yako. Mkikata kwa pamoja, mmoja akikata, mwingine akipiga bandi, mwingine akishona, saa mbili zinaweza kushuka, na hapo ndipo bei inaweza kushuka pia.

Jihadharini na mali kauli. Duka moja la zawadi lilichukua jozi 20 kwa ahadi kwamba litalipa likishauza. Miezi mitano baadaye tuliambiwa zimeisha, na pesa “zitakuja”. Hazijaja. Siku hizi tunaacha jozi tano, tunaandikiana karatasi yenye tarehe na sahihi, na hatuongezi nyingine mpaka hizo tano zilipwe.

Ile hoteli ya sokoni tuliirudia. Tulibeba jozi mbili za taulo na pamba, tukazichoma mbele ya mpishi, ncha moja ya utepe ikawaka na kuacha jivu. Alilisaga kwa kidole, akanusa, akatuuliza kama tunaweza kumshonea kubwa zaidi, za inchi 10, kwa ajili ya sufuria ya maharagwe.